Cheo Nilichompa Mama

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, bila kupigiwa kura na mtu yeyote, natangaza kwamba mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kutoa ajira ya heshima. Nilimpa mama yangu mzazi cheo cha msimamizi mkuu wa mafundi lifti katika kampuni kubwa ya mji wa mbali, pamoja na nyumba ya kuishi, gari la kazini na kofia ngumu nyeupe, ile inayovaliwa na watu wasioshika spana.

Ni kweli kwamba sikuwa na kampuni. Ni kweli pia kwamba nilitoa ajira hiyo nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya saluni ya baba, kando ya gunia la nywele za watu, na simu nimeivisha soksi ili sauti yangu itoke nzito. Lakini tuyaache hayo madogo.

Shuleni kwetu, shule ya bweni yenye kuta ndefu na mablanketi mafupi, naitwa Spika. Jina hilo nililipata alfajiri moja niliposimama nje ya dirisha na kutumia sauti ya mwalimu wa nidhamu kuamuru bweni zima likimbie kuzunguka uwanja. Walikimbia wote. Mwalimu wa zamu naye alitoka mbio akiwa na taulo, akidhani bosi wake amerudi safari. Mimi nilifyeka nyasi kwa muda mrefu baada ya hapo, lakini nilifyeka kwa fahari. Nikisikia sauti ya mtu hata mara moja, naivaa kama shati.

Sasa nieleze kilichonifanya niivae sauti ya Mrefu.

Mama ni fundi lifti. Watu wakisikia hivyo hudhani ulimi wangu umeteleza, kwamba nilitaka kusema baba. Baba ni kinyozi, na anaupenda ukinyozi kama watoto wanavyopenda likizo. Yeye humwita mama "Fundi", na mama humwita yeye "Kinyozi", na ukiwasikia wakiitana jikoni utadhani kuna wateja ndani. Niliwahi kusema mezani kwamba mama ndiye mtu pekee anayepanda hadi ghorofa ya mwisho kila siku na kurudi nyumbani na cheo kilekile. Alicheka sana. Likizo iliyofuata nilirudia utani huohuo, na safari hiyo hakucheka.

Mama ana tabia moja ambayo niliihesabu kuwa maradhi ya wazazi. Hurudia maneno. Baba akisema, "Natoka," yeye hujibu, "Unatoka." Ukisema unazima taa, naye atasema unazima taa, kana kwamba taa yenyewe inahitaji shahidi. Nilipokuwa mdogo nilidhani masikio yake yana kasoro. Nilipokua kidogo niliigeuza tabia hiyo kuwa mchezo wa kuigiza na kuupeleka bwenini, nikajifunga shuka kiunoni nikawa mama, na wenzangu wakanishangilia hadi taa zikazimwa.

Basi jioni moja ya likizo hii, runinga ilionyesha ufunguzi wa jengo refu katika ule mji wa mbali. Mbele ya milango ya lifti inayong'aa alisimama mwanamume mrefu kupita kiasi, kofia nyeupe kichwani, akiwaeleza wageni habari za kasi na usalama. Alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kila neno alilotaka lisikike. "Mrefu huyo," baba akasema, na akaongeza sauti ya runinga. Mama alikuwa amebeba sahani anazipeleka jikoni. Alisimama nazo pale katikati ya sebule mpaka habari za michezo zikaisha.

Mrefu na mama walijifunza kazi pamoja, na wakafanya kazi pamoja miaka mingi, shimo moja la lifti, yeye juu na mama chini, au mama juu na yeye chini. Kisha kampuni ikataka kufungua tawi katika mji ule na ikawaita wote wawili: mama awe msimamizi, Mrefu awe msaidizi wake. Someni tena hapo. Mama awe msimamizi. Mrefu alikwenda. Mama alibaki. Ukimuuliza sababu, atakujibu kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha mlangoni: "Mtoto alikuwa njiani."

Mtoto aliyekuwa njiani, kama bado hamjang'amua, ni mimi. Sikupewa nafasi ya kujitetea.

Tangu jioni ile ya runinga mama hakukalika. Alilisogeza kochi dirishani, akalirudisha, akalisogeza tena. Alitia mafuta bawaba za milango ambayo haikuwa ikilia. Aliifungua feni nzima ikawa vipande mezani, akaifunga, ikazunguka vilevile kama mwanzo, naye akaitazama kwa chuki. Akiketi kula, goti lake lilitetemeka mpaka vikombe vikagongana.

"Fundi, kaa," baba alimwambia.

"Nimekaa."

"Umekaa umesimama."

Na mimi pia, kwa siri, sikukalika. Nililala nikiwaza ile sentensi ya kibao. Mtoto alikuwa njiani. Nilijiona kama lori bovu lililoziba barabara, na nyuma yake foleni ndefu, na mbele kabisa ya foleni hiyo mama yangu, kavaa kofia nyeupe, anapiga honi. Nikimtazama mezani nilitaka kumuuliza jambo fulani, lakini kila nikifungua mdomo hutoka mzaha. Ndivyo mdomo wangu ulivyotengenezwa.

Basi nikabuni mpango, na nikausifu mwenyewe kabla haujafanyika. Mrefu ampigie simu. Ampe nafasi ileile. Mama akatae kwa hiari yake, sasa hivi, mtoto akiwa ameshafika na ameota ndevu tatu. Akishakataa mara ya pili, jambo litakuwa limekwisha, ataketi, goti litatulia, na taifa la nyumbani kwetu litapata amani. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba Mrefu hakuwa na habari.

Nilikuwa na laini ya simu ambayo wazazi hawakuijua, ile ya bwenini, inayolala ndani ya soli ya kiatu changu cha kushoto. Nikaingia nyuma ya saluni, nikageuza ndoo, nikavua soksi.

"Fundi," nikasema, nikakohoa kidogo. "Ni mimi, Mrefu."

Mama akaniuliza hali, na watoto, na mguu, nikasema wote wazima, na mguu pia, ingawa sikujua mguu umeingiaje. Nikamweleza kwamba kazi imekua, vijana hawafundishiki, msimamizi ameondoka, na kwamba kila nikiitazama ile nafasi namwona yeye. Hilo la mwisho lilikuwa zuri mno, nikajikohoza nisije nikajipigia makofi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa kwake. Nilishatunga hata maneno ya kumfariji Mrefu.

"Nakuja," mama akasema.

Ndoo iliteleza kidogo chini yangu.

"Nakuja, Mrefu. Jumatatu narudisha funguo za kazi."

"Sawa," nikasema.

Akangoja, kama mtu anayetegemea neno jingine. Sikuwa na neno jingine. Nikasema tena, "Sawa," na simu ikakatwa.

Jioni hiyo alimtangazia baba akiwa amesimama. Nilitegemea baba apinge, awe upande wangu bila kujua kwamba ananitetea. Baba alifikiri, akaipangusa mashine yake ya kunyolea kwa kitambaa, akauliza, "Huko wanaume wana nywele?"

"Wanazo."

"Basi tutakula."

Ikawa ndiyo hivyo. Baba akaanza kupima kile kiti chake cha chuma kwa kamba, kuona kama kitaingia kwenye lori. Akawaaga wateja wawili nikiwa nasikia, mmoja akiwa amenyolewa nusu, na yule mteja akasema atamfuata hukohuko akamaliziwe. Kioo kikubwa cha saluni kikateremshwa ukutani na kufungwa blanketi. Mimi nikawa nazunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikifungua mlango nasahau nilichofuata. Nikijaribu kulala, namwona mama mbele ya bosi wake anaweka funguo mezani, kazi ya umri wake wote, kisha tunapanda lori sote watatu na kiti cha chuma, tunakwenda mji wa mbali kugonga mlango wa mtu ambaye hajatuita.

Ningeweza kusema ukweli. Najua. Niliufikisha ukweli hadi mlango wa jikoni mara kadhaa, na kila mara nikaishia kuomba maji.

Nikaamua Mrefu mwenyewe aifute ajira. Jumapili nikarudi nyuma ya saluni. Ndoo ilikuwepo, gunia la nywele lilikuwepo, soksi niliyoitumia awali haikuwepo. Nikavua ya pili.

"Fundi, kuhusu lile jambo," nikaanza.

"Nafurahi umepiga," mama akasema. "Kuna kitu nataka kukwambia kabla sijaja."

Ukiwa Mrefu unafanyaje? Nikanyamaza, kwa heshima ya Mrefu.

Alisimulia kwa sauti ya chini, bila kukimbia. Kwamba siku Mrefu alipoondoka, yeye aliingia lifti ya jengo la kwanza walilolitengeneza pamoja, akapanda hadi juu, akashuka hadi chini, akapanda tena, mchana wote, na watu wakiingia na kutoka wanamsalimia wakidhani anaikagua. Alikuwa akingoja ajue kama amefanya vizuri au vibaya. Mpaka jioni hakujua. "Na mpaka leo niko humohumo, Mrefu," akasema. "Kijana niliyesema nabaki kwa ajili yake ananizidi kimo, anasoma mbali, akija anatutania, anaondoka. Sijui hata kama anataka niwepo."

Hata kikohozi cha uongo kikakataa kutoka.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" akaniuliza.

"Nilitaka kusema," nikasema, "safari njema."

Wanafunzi wenzangu wakisoma hapa wajue kwamba Spika alistaafu saa ileile.

Jumatatu mama alinipa mkoba wa vifaa nimbebee. Alisema kabla ya kurudisha funguo ataikagua lifti ya jengo moja la ofisi kwa mara ya mwisho, na kwamba si vizuri kuagana na mashine bila kuigusa. Njia nzima nilitembea nyuma yake nikiwa na sentensi mdomoni. Mlinzi wa mlangoni alimwita mama "mkubwa" na mimi akaniita "mkubwa mdogo". Mama akanionyesha lifti, akaniambia niingie na mkoba, nisiguse kitufe chochote. Yeye atakuwa juu ya paa la lifti, mimi ndani. Akisema neno, nimjibu.

Aliifikisha lifti mahali anapopajua yeye, akapanda ngazi, akafungua mlango wa nje wa ghorofa ya juu yangu kwa ufunguo wake. Nikasikia viatu vyake vinakanyaga juu ya kichwa changu. Kijilango cha darini kikafunguliwa, ukaingia upepo wa shimo wenye harufu ya grisi. Niliona kidevu chake na ukingo wa kofia yake, ile ya manjano iliyopauka.

"Napanda," akasema.

"Sawa," nikajibu.

Lifti ikapanda polepole. Ukuta wa zege ukapita kwenye ufa wa mlango, kisha mwanga wa ghorofa moja, kisha ukuta tena.

"Nasimama."

"Sawa."

Ikasimama. Hatukuwa kwenye ghorofa yoyote. Taa ilikuwa inawaka, feni ndogo inavuma, na mama juu hakusogea.

"Umesema nini?" akauliza.

"Nimesema sawa."

"Hebu sema tena. Sema kama Mrefu."

Kuna kimya cha mtihani, na kuna kimya cha ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Hiki kilivizidi vyote viwili. Niliutazama mlango. Mlango ulinitazama.

"Mrefu ana vidole vitatu mguu wa kulia," mama akasema kutoka juu. "Alikuwa chini shimoni, mtu mwingine yuko juu. Akasema, 'Nimeingia, usishushe.' Yule akajibu sawa. Hakuwa amesikia, alikuwa anajibu tu. Tangu siku hiyo sisi tunarudia. Ukisikia, unasema ulichosikia. Sawa anaisema hata asiyesikia kitu. Nimefanya kazi na Mrefu miaka yote ile, hajanijibu sawa hata siku moja. Wewe umenijibu mara mbili kwa mpigo."

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua."

"Na baba?"

"Baba yako ndiye aliyeokota soksi."

Nikakumbuka kiti kikipimwa kwa kamba, kioo kikifungwa blanketi, mteja kanyolewa nusu. Niliinamisha kichwa mbele ya wasanii wakubwa kuliko mimi.

"Lakini Mama," nikasema, "kama ulijua ni mimi, kwa nini ulisema unakuja?"

Viatu vyake vilisogea juu ya paa, hatua moja huku, hatua moja kule. Hata pale, mahali padogo kama meza, hakukalika.

"Nilitaka kujisikia nikilisema hilo neno, nakuja," akasema. "Sijawahi kulisema. Halafu lilipotoka, lilitoka haraka mno. Limenitisha. Sikubaki kwa ajili yako, mwanangu. Uanze kulala usingizi. Niliogopa. Kuwa juu ya Mrefu, juu ya wanaume wote wale, nikikosea wacheke. Wewe ulikuwa tumboni, ukawa sababu nzuri, kila mtu aliikubali, hata mimi. Nimekutwika mzigo ambao si wako. Hilo la simu ya pili nililisema kwa sababu nilijua anayesikiliza ni nani."

Nilitaka kusema sawa, nikajizuia kwa shida.

"Sasa zamu yako," akasema. "Kwa nini ulinipigia?"

Nikasimama wima kama kiranja na kumweleza. Kwamba nilimwona hana raha. Kwamba nilitaka apate nafasi ya kukataa kwa hiari yake, jambo lifungwe, roho yake itulie. Nilieleza vizuri, kwa mtiririko, na hitimisho likakaa mahali pake.

Mama akasema, "Hiyo ni sababu ya ghorofa ya tano. Nataka ile ya chini kabisa."

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Leo sina haraka. Funguo ninazo mwenyewe."

Feni ikavuma. Kwa chini, mbali, niliwasikia watu wanabonyeza kitufe cha kuita lifti, wanabonyeza tena, wanaguna, wanaamua kupanda ngazi. Nilijaribu kutafuta mzaha. Niliutafuta mifukoni, kwenye mkoba wa vifaa, kwenye kioo cha lifti ambamo mlikuwa na kijana mrefu mwenye ndevu tatu na macho mekundu. Haukuwepo.

"Nilitaka ukatae," nikasema.

"Ulitaka nikatae," mama akasema.

"Kwa ajili yangu. Ile mara ya kwanza hukuwa umeniona. Hukujua unambakia nani. Nilitaka kujua, sasa unanijua nilivyo, kama ungebaki."

Kidevu chake kilitoweka kwenye kijilango, kikarudi. Sauti ilipokuja ilikuwa nzito, nzito kuliko soksi yoyote.

"Ulitaka kujua kama ningebaki," akarudia, neno kwa neno, "sasa nakujua ulivyo."

"Ndiyo."

"Nimesikia."

Nikangoja jibu lenyewe. Halikuja, na lifti haikusogea, na nikaelewa kwamba nimesikiwa lakini sijamaliza. Basi nikaendelea, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Nikaungama laini ya simu. Ipo kwenye soli ya kiatu cha kushoto, nikasema, na mama akasema ipo kwenye soli ya kiatu cha kushoto. Nikaungama kwamba nyasi za shule sikuzifyeka kwa kujitolea kama nilivyowaandikia. Akarudia na hilo. Nikadhani nimefika mwisho.

"Bado," akasema.

"Umejuaje?"

"Lifti nzito ina mlio wake."

Nikavuta pumzi ya grisi.

"Nimewahi kukuigiza mbele ya bweni zima," nikasema. "Unavyorudia maneno. Nilijifunga shuka."

"Umewahi kuniigiza mbele ya bweni zima. Ulijifunga shuka." Kisha akauliza, "Walicheka?"

"Walicheka, Mama. Walicheka sana."

"Walicheka sana," akarudia, kisha akasema, "Nashuka," nami nikamjibu, "Unashuka."